Alitaka Kuzaa Mchana

Ushahidi haulambwi. Hilo Inspekta Myriam Numbi alifundishwa siku yake ya kwanza kazini, na yeye mwenyewe amelifundisha kwa kila kijana aliyepita chini ya mikono yake. Asubuhi hiyo alilamba.

Chupa ilikuwa imelala usiku kucha mezani kwake, juu ya jalada jeusi la plastiki. Ilikuwa chupa ndogo ya maji ya kunywa, lebo imebanduliwa, na shingoni imezungushiwa sparadra, ile plasta nyeupe ya hospitali. Waliikamata jana kando ya kitanda alichofia Wivine. Kifuniko kilikuwa kimelegea, matone yakateremka ubavuni, na usiku yakakauka. Pale yalipokaukia pamebaki duara jeupe la unga unga.

Numbi akalowesha kidole, akagusa ule unga, akaupeleka ulimini.

"Shefu!" Clément, askari dereva wake, aliachia brashi ya viatu ikaanguka. "Ile iko sumu! Unataka tukulilie na weye?"

"Chumvi," alisema Numbi.

"Chumvi gani?"

"Ya mboga. Ya soko. Kuya uonje."

Clément hakuonja. Alikuwa na watoto, alisema, na mke wake hakuwa na kazi.

Numbi alikaa akaitazama chupa. Kesi jana ilikuwa nyepesi. Wivine, mke wa Guelor, alikwenda kwenye maternite moja, zahanati ya uzazi ya binafsi, kuanzishiwa uchungu kwa dawa. Alipewa dawa kutoka chupa hii, mchana tumbo likapasuka ndani, docta akawahi kumtoa mtoto wa kike akiwa hai lakini mama hakumpata. Mkunga aliyempa dawa, Laurentine, alilala mahabusu. Mtaa mzima ulishahukumu, na tangu alfajiri watu walikuwa nje ya lango la polisi wakitaka wapewe mtu wao.

Lakini kama chupa ya dawa ina maji ya chumvi, dawa yenyewe iko wapi?

Ile dawa haina rangi wala harufu. Iko ndani ya chupa kama hii, imefungwa sparadra kama hii, mahali fulani ndani ya Lubumbashi, mwezi wa kumi, jua linachoma na mvua bado. Mji mzima una kiu. Numbi akainuka kwa kasi hadi kiti kikaanguka.

Mahabusu, Laurentine alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, blauzi yake ya kazi ingali na damu ya jana. Kelele za nje zilifika hadi mle ndani, na kila zilipopanda alikaza mikono yake yenye pingu kati ya magoti.

"Mama Laurentine," Numbi alichuchumaa mbele yake, "leo sikuulize kama uliua. Niambie vile unatengenezaka ile dawa."

"Nilisema jana."

"Sema tena, kama unaambia mutoto."

"Naponda kidonge, natia mu maji ya kuchemsha, ya kupoa. Nafunga sparadra ku shingo ya chupa, juu bantu bajue haiko ya kunywa. Kisha kijiko. Naangalia tumbo, nangoja. Kijiko tena. Ile dawa haipendake haraka."

"Na chumvi?"

"Chumvi ya nini?"

"Hautiake chumvi?"

"Mama Inspekta, ile iko dawa, haiko mboga ya sombe."

Clément alicheka kidogo mlangoni, kisha akaona uso wa Laurentine unabadilika, akaacha.

"Chumvi," Laurentine alirudia polepole. "Yesu wangu. Alisema."

"Nani?"

"Wivine. Nilimupatia kijiko, akakunja sura. 'Mama, dawa yako leo iko na chumvi.' Nikamwambia meza tu, mama wa uchungu kinywa inabadilikaka."

"Uchungu wenyewe ulikuya?"

"Haukukuya! Asubuhi yote tumbo laini. Nikawaza dawa imezeeka. Kisha muchana, ghafula..." Akainua mikono, akafumba ngumi, akaibana mpaka vidole vikageuka rangi. "Likakauka hivi. Halikulegea tena. Kama muntu alikunywa chupa muzima. Nilisema na docta, nilisema na polisi, bote banaona naongopa."

"Alikunywa," alisema Numbi. "Lakini haikuwa mukononi mwako. Weye ulikuwa unamupatia maji ya chumvi. Chupa yako ilikuwa kwa mwingine."

Laurentine alimtazama kana kwamba anaogopa kuamini.

"Na ulikosa," Numbi aliendelea, bila huruma. "Dawa kama ile haiachwake kando ya kitanda."

"Kabati haina kufuli, mama. Niko mukunga mumoja na vitanda vimejaa."

"Nani alitaka azale jana?"

"Yee mwenyewe. Alikuya na miguu yake. Mutoto wake wa kwanza alikufia njiani, usiku. Umeme hakuna, taxi hakuna, bajambazi ku barabara, banamusukuma mu kigari cha makala ya kupikia. Akanishika mukono: 'Mama Laurentine, mi nataka kuzala muchana, Guelor akiwa hapa na motokari. Usiku tena, hapana.' Docta akapima, akaona mimba imekomaa, akakubali." Akatazama pingu zake. "Alikuwa na woga ya kweli. Ningemukatalia namna gani?"

"Muntu akikunywa ile dawa leo, kama haiko na mimba?"

"Tumbo litamukata, ataendesha. Itapita."

"Na kama iko na mimba?"

Nje mtu alirusha jiwe, likapiga bati, Laurentine akashtuka.

"Itatoka, Mama Inspekta. Ao damu itatoka mupaka mwisho."

Numbi akamsimamisha. "Unaenda na shiye."

"Shefu, bale bantu batatuchoma na motokari yetu!" Clément alipinga.

"Basi mufunike koti yako ya mvua, tupite mulango wa nyuma. Na usizime moteri mupaka niseme."

Kwenye lango la maternite alisimama Godefroid, sentineli, amevaa kofia na mkanda kana kwamba analinda benki. Kazi yake kubwa ilikuwa kupekua vikapu. Kina mama wakwe wana mambo yao: mizizi, majani ya utelezi, vinywaji vya kuharakisha mtoto, na docta alishaapa kwamba havitaingia tena. Godefroid aliitenda kazi hiyo kwa moyo wote.

"Hapa hakuingiake kitu," alisema, kifua mbele. "Hata sindano naiona."

"Chupa tupu zenye sparadra unazipelekaka wapi?"

Kifua kikarudi. "Chupa, Mama?"

"Godefroid, mi sina muda."

"Nauzisha... kwa bamama ba munkoyo. Banatia kinywaji yao. Lakini tupu, Mama! Zote tupu!"

Numbi aliona akilini mwake soko zima la Kenya, kata ile ya Lubumbashi, wanawake wameinamia ndoo za munkoyo, chupa mia zinapita mkono kwa mkono. Alishika nguzo ya lango. "Jana uliokota yenye maji? Hata kidogo?"

"Hapana. Naapa mbele ya Mungu. Jana sikuokota hata moja, kulikuwa fujo. Ya mwisho ilikuwa juzi, nilimupatia mama."

"Mama gani?"

"Mama Mwaba. Mama mukwe ya marehemu. Aliniomba chupa tupu yenye sparadra. Nikasema ngoja nibandue, akasema, 'Apana, baba, achia vile vile.'"

"Na kisha?"

"Jana asubuhi akakuya na kikapo. Nikapekua. Nikaona chupa imejaa, na sparadra yake. Nikasema hii iko ya docta." Sauti ilizidi kushuka. "Nikamwachia apite."

Haya basi. Mama anataka kuingiza maji yake, anajua yatamwagwa langoni, anayavika nguo za dawa. Kando ya kitanda zikasimama chupa mbili, mapacha. Numbi alijua pia ni maji gani mama wa Kikatoliki kama huyu, aliyejulikana mtaani kwa kikundi chake cha maombi, angeyahangaikia hivyo: yale padri anayoyabariki pamoja na chumvi.

"Twende ku kilio," alimwambia Clément. "Mbio."

Nyumbani kwa Guelor turubai la buluu lilikuwa limeshafungwa. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, picha ya Wivine imewekwa mezani na mshumaa. Clément alisimamisha gari la jipu mbali kidogo, moteri ikiunguruma. Laurentine alilala chini nyuma ya viti, amefunikwa koti, naye alijua vizuri atafanywa nini akionekana mahali pale.

Guelor alimpokea Numbi akiwa wima, macho mekundu, mavumbi ya kambi ya mgodi bado kwenye viatu vyake. "Mulete ule mwanamuke hapa. Dakika kidogo tu."

"Pole, baba. Naomba kuona mama."

Mtu hamhoji mama kwenye kilio akiwa amesimama. Numbi alivua viatu, akaingia, akakaa mkekani, akanyoosha miguu kama wengine. Mama Mwaba alikuwa katikati ya wanawake, kitambaa kimefungwa kiunoni, sauti imekauka kwa kulia. Wivine alikuwa mkamwana wake, lakini mtaa wote ulijua walivyopendana.

"Pole sana, mama."

"Aksanti, mwanangu."

"Mama, chupa ile Godefroid alikupatia. Iko wapi?"

Wanawake wa karibu wakaacha kuimba. Mama Mwaba alitazama ukuta. "Chupa gani?"

"Ile yenye sparadra."

"Niliimwanga."

"Wapi?"

"Inje. Ku majani."

"Mama," Numbi aliinama karibu na sikio lake, "weye unaweza kumwanga maji ya baraka ku majani?"

Yule mama alimgeukia. "Nani alikuambia iko ya baraka?"

"Chumvi. Maji yako ya baraka iko kwangu ku biro ya polisi. Ile uliyobeba haiko yako. Iko dawa ya maternite. Nani iko nayo sasa? Mama, nakuomba. Nani?"

Mama Mwaba alifungua kinywa. Jina likatoka kidogo sana: "Keren."

Keren alikuwa binti yake wa mwisho, dada ya Guelor, ameolewa Kipushi. Numbi aliuliza swali ambalo jibu lake aliliogopa tangu asubuhi.

"Iko na mimba?"

"Miezi saba." Mama Mwaba akamshika mkono kwa kucha. "Alikuya jana magaribi kulia na shiye. Muntu wa mimba haingiake ku kilio, haonake maiti. Nilimusimamisha ku mulango, akalala kwa jirani, leo asubuhi nikamurudisha na taxi. Nikamupatia maji ilibakia, juu kifo kisimufuate. Nikamwambia kengele ya saa sita ikilia, apige magoti, aombe, akunywe yote."

"Yote?"

"Yote. Juu ya mutoto."

"Nambari yake!"

Mama aliitaja kwa kichwa, akikosea, akirudia. Numbi akapiga. Ikaita. Alishusha pumzi. Na pale mezani, kando ya picha ya Wivine, simu ndogo nyekundu iliyochomekwa kwenye waya wa jenereta ikawaka na kuanza kulia.

Hakuna mtu aliyeigusa. Iliita mpaka ikachoka.

"Aliiacha ku chaji," alinong'ona mwanamke mmoja. "Kwabo umeme hakuna."

"Bwana yake?"

"Iko chini, mu mugodi. Kule simu haipitake."

Numbi alitoka bila kuvaa viatu, kavishika mkononi, Mama Mwaba akimfuata mbio. Clément akawapigia wenzao wa Kipushi. Wa zamu aliuliza nyumba namba ngapi. Nyumba haikuwa na namba; ilikuwa nyuma ya mama muuza makala, karibu na kisima kilichokauka. Wa zamu alisema atatuma mtu. Numbi alimjua mtu huyo wa kutumwa, hafiki popote.

Mlango wa jipu ulipofunguka, koti likateleza. Blauzi yenye damu ikaonekana.

Guelor aliiona. Alifika kwa hatua mbili na kushika mlango, na nyuma yake viti vya plastiki vikaanza kuanguka, wanaume wanainuka. Laurentine hakupiga kelele. Alijikunja tu, mikono yenye pingu juu ya kichwa.

"Njo yee! Uko naye hapa! Mushushe!"

"Guelor," alisema Numbi, "Keren iko na ile dawa ilimuua Wivine. Ataikunywa saa sita. Huyu njo mumoja tu anajua kumusaidia. Ukitaka, mushushe. Lakini utazika babili."

Mkono wa Guelor ulibaki juu ya mlango. Alimtazama mama yake, akaona uso wake, akaachia. Akawageukia wale wanaume, akapanua mikono kuwazuia, na Clément hakungoja zaidi.

Barabara ya Kipushi ilikuwa imejaa malori ya madini, moja nyuma ya jingine, vumbi jekundu limesimama hewani. Numbi alitazama mbele, jua liko karibu kabisa na utosi. Nyuma wanawake wawili walikaa kiti kimoja.

"Mulozi," alisema Mama Mwaba, bila kumwangalia mwenzake.

Laurentine alishika kiti cha mbele kwa mikono yake yenye pingu.

"Ulimukula Wivine. Sasa unafuata binti yangu."

"Mama," Laurentine alisema hatimaye, "Keren alishazala mbele?"

"...Hapana. Ni ya kwanza."

"Alishafanya damu na hii mimba?"

"Mara moja. Kwa nini? Kwa nini unauliza?"

Laurentine aligeukia dirisha, na jambo hilo lilimtisha mama kuliko jibu. Akaanza kusema mwenyewe, haraka haraka, kama anayehesabu rozari. "Mi sikutia dawa ya kienyeji. Maji ya baraka tu. Docta aliingia kuangalia bagonjwa, nikaogopa atamwanga. Nikaficha yangu chini ya kitanda. Nilificha moja. Zilikuwa mbili, nikaficha moja. Alipotoka, nikamupatia Wivine bilauri muzima akunywe, kwa maombi. Nilificha yangu. Yangu, si ndiyo?"

Laurentine alifungua kinywa. Kwenye kioo macho yake yakakutana na ya Numbi, na Numbi akatikisa kichwa: si sasa. Clément alikuwa amewasha taa zote, honi haitoki mkononi, anapita pembeni kwenye njia ya baiskeli, matope makavu yanapasuka chini ya magurudumu. Numbi aligundua kwamba anasali, yeye ambaye hajaingia kanisani tangu Pasaka.

Penye kizuizi cha kuingia mjini Kipushi lori lilikuwa limekwama katikati, dereva na askari wanabishana. Clément akashuka, akatukana, akapiga bodi kwa ngumi. Lori lilianza kusogea polepole.

Na hapo kengele ikalia.

Ilitoka kanisani, upande wa nyumba za zamani za wachimbaji, wazi kabisa katika joto lile. Mama Mwaba aliweka mikono masikioni. "Apana," alisema. "Apana, apana. Mama Maria, achia kwanza." Kengele haikumsikia.

Clément alipita. Namna alivyopita, Numbi hakutaka kujua, alisikia tu bati linakwaruza bati. Mama aliwaongoza kwa kidole, kulia, kushoto, pale, pale, makala, kisima. Numbi aliruka kabla jipu halijasimama. Alipenya ua wa mabanzi na kuzunguka nyumba.

Keren alikuwa amepiga magoti kivulini, kanga juu ya tumbo kubwa, rozari mkononi. Mbele yake chupa ilisimama wazi, sparadra shingoni, na kando yake bilauri tupu, imelowa.

"Ulikunywa?" Numbi alimshika mabega. "Keren! Ulikunywa?"

Msichana aliogopa, akarudi nyuma. Alimwona mwanamke asiye na viatu, askari, mwingine mwenye damu na pingu, na mwisho mama yake anashika ua ili asianguke.

"Mama? Juu ya nini umeacha kilio?"

"Jibu!"

"Nilitia mu kinywa. Nikatema. Pale." Alionyesha mchanga uliolowa kando ya mkeka. "Ya bilauri nikamwanga pia."

"Haukumeza?"

"Labda kidogo. Kidogo sana. Ni nini? Mutoto iko na shida?"

Laurentine alishapiga magoti. Aliweka mikono yake juu ya tumbo, yote miwili pamoja kwa sababu ya pingu, akafumba macho. Clément aliweka kofia kifuani. Jogoo alipita uani akidonoa, Numbi akatamani kumpiga teke.

"Iko laini," alisema Laurentine. Hakuondoa mikono. Aliendelea kungoja, muda mrefu, jasho likimdondoka kidevuni. "Bado laini. Iko anacheza huyu. Anapiga teke. Tumupeleke hospitali kubwa bamulaze leo, lakini iko muzima. Bote babili."

Numbi alitoa ufunguo, akamfungua pingu. Kisha akaketi chini mahali alipokuwa. Alichukua chupa, akaifunga kifuniko kwa nguvu zote, akaikumbatia.

"Keren, mwanangu," aliuliza, "juu ya nini ulitema?"

Keren alimtazama mama yake, kwa aibu kidogo, kama mtoto anayemsahihisha mkubwa.

"Mama, unisamehe. Ulikosea chupa. Maji yako haina chumvi."

Mama Mwaba aliachia ua. Alishuka chini polepole, akakaa mchangani, kitambaa cha kilio kimefunguka kiunoni. Hakulia. Alitazama ile sehemu yenye unyevu kando ya mkeka.

"Na Wivine alisema vile vile," alisema.

Laurentine akageuza kichwa. Keren akauliza nini, Mama, alisema nini, lakini Numbi akamzuia kwa mkono.

"Jana. Alikunywa kidogo, akaniangalia. 'Mama, leo maji yako haina chumvi.'"

"Na weye ulimujibu nini?" aliuliza Numbi. Ilikuwa kazi yake kuuliza, akaichukia.

Yule mama aliinua mikono yake miwili na kuitazama. Aliikunja taratibu hewani, kama anayeshika kichwa cha mtu kwa nyuma ili asichoke shingo.

"Nikamwambia: kunywa yote, mwanangu, uzale muchana."